Fundi wa Ghorofa ya Juu na Bahati Aliyeitika Kwanza

Nianze na waliokuwepo siku ile kule Katy, pembeni mwa Houston, asije mtu akasema maneno haya niliyasema pembeni. Nilikuwepo mimi, Mama Furaha. Alikuwepo Furaha mwenyewe, binti yangu, aliyeniendesha kutoka Lewisville. Alikuwepo Njeri, Mkenya, nesi, jirani yetu wa mlango wa kushoto, aliyekuja nasi kwa sababu mambo ya figo anayajua. Alikuwepo Esperance, mke wa Fundi. Alikuwepo kijana Bahati, ambaye Wakongomani wote wa Houston walimjua kama mdogo wake Fundi. Na Fundi alikuwepo, kwenye kiti cha kuegemea, blanketi miguuni, na nje kulikuwa na joto la kuyeyusha lami.

Jina la Fundi nalijua, na la baba yake, na la babu yake. Siliandiki, maana Esperance akilisikia bado anaondoka chumbani. Pale Lewisville alikaa juu yetu, tukamwita Fundi wa juu, na hilo latosha.

Watu walimdhania fundi wa simu. Kila Jumapili baada ya ibada kuna aliyempelekea kioo kilichopasuka. Anakirudisha.

“Mimi nashughulika na pale mwanzo tu,” anasema. “Mashine ikishaamka, imeshatoka mikononi mwangu.”

Kampuni yake ilitengeneza vile vifaa vya mkononi vya kusoma mistari kwenye maboksi ghalani. Furaha wangu alikuwa anashika kifaa cha namna hiyo kwenye ghala kule Mesquite, zamu nzima, mpaka kidole kinakufa ganzi. Fundi aliandika programu ndogo inayotangulia kuamka kabla ya nyingine zote. Aliiandika kwa lugha inayoitwa C, herufi moja tu, na mimi nilidhani ananitania.

Mimi shule niliishia darasa la pili. Lakini watoto wake walishinda kwangu wakati Esperance yuko kazini kuhudumia wazee, na siku ambazo Fundi alifanyia kazi nyumbani, alishuka na kompyuta yake akakaa kwenye meza yangu ya jikoni, eti kule juu kuna kimya kingi. Mtu akikaa kwenye meza yako miaka, utamuuliza anafanya nini.

“Mama, wewe ukiamka asubuhi, unajua miguu yako iko wapi?”

“Inategemea asubuhi gani.”

Akacheka. “Bon. Mashine haijui. Inaamka haijui kama ina kioo, haijui kama ina betri, haijui mahali pa kuandika kitu. Basi tunaiwekea mchoro wa mwili wake. Mchoro wenyewe umekaa kama mti. Kuna shina, kuna matawi makubwa, kuna matawi madogo. Programu yangu ikitaka kioo, inapewa njia. Inaanza shinani, inashika tawi kubwa, inaingia tawi dogo, hatua kwa hatua mpaka ifike.”

“Na tawi inalijuaje?”

“Kwa jina. Na baada ya jina kuna ile alama ya kwenye barua pepe, halafu namba ya mahali linapokaa. Kwa sababu majina yanafanana. Mashine moja inaweza kuwa na vitu viwili, vyote vinaitwa kumbukumbu. Kinachovitenga ni ile namba.”

“Kama Furaha,” nikamwambia. “Hapa Lewisville ninao wanne. Ukisema Furaha tu, nitakuuliza wa nani.”

“Wewe unauliza,” akasema. “Mashine haiulizi. Ukiitajia jina bila namba, inakupa la kwanza kukutana nalo, na inakupa kwa moyo mweupe kabisa, wala haikwambii kwamba kuna lingine.”

Nikamuuliza kuhusu mimi, Mama Furaha. Akasema hilo ni jina la mkato, na hata mti una mahali pa kuweka majina ya mkato, ila kila moja limefungwa kwenye njia yake ndefu. Siku ile akaanza kunisalimia kwa njia nzima. Akifika mlangoni anasema, “Amerika, Teksasi, Lewisville, jengo la nyuma, chini, Mama Furaha, hodi.” Mjukuu wangu Grace alikuwa anajificha uso kwa mto. “Bibi, he's so weird,” anasema. Lakini alicheka.

Na hodi yake ilikuwa ya kusubiri. Wengine hapa wanagonga huku mkono uko kwenye kitasa. Yeye anagonga, anarudi nyuma, anangoja jibu, na usipojibu anaondoka, hata kama anakuona dirishani na redio inaimba.

Neno lake kubwa lilikuwa hili: “Umeangalia kilichorudi?” Ukimwambia umempigia mtu, anakuuliza, umeangalia kilichorudi? Ukimwambia umewasha jiko, hivyo hivyo. Lilitoka kazini kwake. Programu ikitafuta njia ndani ya mti, lazima irudi na jibu. Ikipata, inarudi na namba ya mahali. Isipopata, inarudi na namba hasi, iliyo chini ya sifuri, maana yake hakuna, rudi, usiendelee. Vijana wa kazini kwake walikuwa wanaipokea ile namba bila kuitazama, wanaifanya mahali, wanakwenda kuandika huko. Basi kifaa kinazimika, kioo cheusi, hakiamki tena.

Nilimsikia mara moja kwenye simu akiongea na kijana mmoja wa kazini. Alibadilika sauti. Kiingereza chake kilikuwa cha polepole siku zote, siku hiyo kilikuwa kama kisu. Alipokata simu nikamwambia, “Fundi, huyo naye ni mtoto wa mtu.”

“Mama, amepewa namba hasi akaitumia. Nilimwuliza kwa nini, ananiambia alidhani itakuwepo.” Akafunga kompyuta. “Alidhani!”

Neno hilo lilikuwa tusi kwake. Watoto wake walijifunza kutolitumia. Na bado mtu huyo huyo alipoteza funguo za gari kila wiki, alisahau maji kwenye jiko langu, na alivaa soksi za rangi mbili kanisani. Esperance alikuwa anasema, “Nimeolewa na watu wawili, mmoja yuko ndani ya kompyuta, na huyu wa nje ndiye nimeachiwa mimi.”

Siku moja Furaha alirudi kutoka Mesquite mapema, akampigia kelele kutoka kwenye gari: “Fundi! Mashine zako zimelala zote! Tumekaa chini kama tuko msibani!”

Hakuona cha kucheka. Alipanda juu, tukawa tunamsikia anatembea, huku na huku, juu ya vichwa vyetu. Baadaye akanieleza. Vifaa vya zamani vilikuwa na kumbukumbu mbili zenye jina moja, na mtu mmoja zamani aliandika njia bila namba. Miaka yote ilifanya kazi, kwa sababu ya kwanza ilikuwa ndiyo hasa inayotakiwa. Kisha kiwanda kikatoa vifaa vipya, wakageuza mpangilio, ya pili ikatangulia. Programu ikaita jina, ikaitikiwa na isiyo yake, ikaandika huko.

“Kwa hiyo kosa lilikuwepo tangu mwanzo,” nikamwambia.

“Tangu mwanzo. Lilikuwa na bahati tu.”

Sasa niseme habari ya mdogo wake, kwa sababu bila hiyo humjui Fundi.

Walipokimbia kutoka upande wa Uvira, kule Kongo, yeye akiwa kijana wa kuota ndevu, alimshika mkono mdogo wake aliyeitwa Bahati. Watu wakasukumana njiani, mkono ukaachia. Ndiyo hivyo tu. Hakuna aliyemwona akifa, hakuna aliyemwona hai. Fundi alimtafuta kambini Kigoma, alimtafuta kwa wanaokwenda Nairobi, na alipofika hapa akaanza kumtafuta kwenye simu. Alikuwa hapendi simu kabisa, lakini ile ya kwake haikutoka mkononi. Kila kundi la WhatsApp la kanisa, la kwaya, la watu wa jimbo letu, alitia sauti yake. Nilimsikia akiirekodi kwenye meza yangu, mara nyingi mpaka nikaijua kwa moyo: “Ndugu zangu, natafuta mdogo wangu. Anaitwa Bahati. Tulipotezana njiani wakati wa vita, alikuwa mtoto mdogo. Kama yuko, mwambieni kaka yake anamtafuta.”

Haya ndiyo aliyosema. Hakutaja Uvira. Hakutaja baba. Hakutaja hata kilima cha kwao. Nilipomwuliza alisema sauti ndefu watu hawasikilizi.

Akaitika kijana kutoka Houston. Alilelewa kambini na mwanamke aliyemwokota njiani, alijua jina lake tu, na alijua, au aliambiwa, kwamba alikuwa na kaka. Akamwambia Fundi, “Yaya,” kama kwetu tunavyomwita kaka mkubwa, “mi nilikuwa nangoja miaka yote mtu aniite.”

Sijawahi kusikia mwanaume akilia hivyo. Tulipanda sote juu. Esperance alikuwa amekaa sakafuni anacheka na kulia. Njeri alitoka zamu na nguo zake za hospitali, akasema, “Ai, Fundi, leo hata wewe umeamka!” Tukaimba.

Bahati akaja Lewisville kututembelea. Kijana mzuri, mrefu, mwenye haya, anafanya kazi kiwandani, anakula polepole. Aliniamkia kwa magoti yote mawili. Nikamfanyia sombe, yale majani ya muhogo, na samaki. Tukiwa tunakula nikamwuliza, kama ninavyomwuliza kila mtu, mama aliyekulea anaitwa nani.

“Mama Nyassa,” akasema.

Nyassa nilimjua. Nyumba yake kambini ilitazamana na yangu, tulisubiri maji pamoja, na habari ya mtoto aliyemwokota aliisimulia mara nyingi. Alimwokota Kazimia, mbali sana kusini mwa Uvira, karibu na tanuru la matofali. Watu wa pale walimwambia mtoto ni wa Etabo, mchoma matofali, na mama yake ni Riziki, na wote wawili walikuwa wameuawa asubuhi ile. Alikuwa na kaka, ndiyo. Kaka aliuawa pamoja nao.

Sikusema mbele ya chakula. Bahati alipokwenda kuoga nilimfuata Fundi kwenye ngazi, nikamwambia yote, jina kwa jina.

Akaegemea ukuta. “Rudia, Mama. Baba yake nani?”

“Etabo.”

“Wa wapi?”

“Kazimia, penye matofali. Baba yenu alikuwa mchoma matofali?”

“Baba yetu alikuwa karani wa forodha.” Akakaa kwenye ngazi. Juu tulimsikia Bahati akiimba bafuni na watoto wakimjibu. Fundi akasikiliza mpaka wimbo ukaisha. “Usimwambie, Mama. Hii ni yangu. Nitamwambia mwenyewe.”

Ilikuwa haki yake, nikanyamaza.

Hakumwambia. Mtu yule, aliyemkaripia mtoto wa watu kwa kutumia namba hasi, alirudishiwa yake mkononi, akaitazama vizuri, akaitumia. Aliuza kila kitu pale Lewisville, akahamia Katy awe karibu na Bahati. Alikuwa amenieleza zamani kwamba ukipachika tawi jipya kwenye ule mti, matawi mengine yote yanasogea, na mahali ulipokuwa umepashika si penyewe tena, itabidi utafute upya toka shinani. Basi nilisimama kwenye maegesho nikiangalia Esperance akipanga masufuria kwenye lori, na watoto wanamlilia Grace, na nikakumbuka.

Nilipompigia simu nilimwuliza kila mara, “Umeshamwambia?” Anasema, “Bado, Mama. Anakuja kula leo.” Kila ninapopiga, Bahati anakuja kula leo. Nikaacha kuuliza.

Kisha figo zikakataa. Wakamweka kwenye mashine ya kusafisha damu, na Esperance akaniambia kwamba Bahati amejitolea. Alisema mbele ya kanisa zima, “Yaya wangu hawezi kufa na mi niko na figo mbili.” Ameanza vipimo hospitali. Wanangoja tarehe.

Ndipo Fundi akanipigia mwenyewe. Hakuanza na Amerika wala Teksasi. Alisema, “Mama, njoo Katy. Mimi imenishinda.”

Ndiyo siku hiyo niliyoanza nayo. Tulikula kwanza. Kisha Fundi akamwita Bahati akae karibu, kwenye zulia, kama mtoto.

“Mdogo wangu, Mama Furaha ana maneno. Ni ya kweli, na mimi nimeyajua tangu siku ya kwanza ulipokuja Lewisville. Usimkasirikie yeye.”

Nikasema. Etabo, mchoma matofali. Riziki. Kazimia. Kaka aliyelala pamoja nao, jina lake Asukulu. Nyassa aliyemfunga mgongoni.

Bahati alinitazama mdomo, kama kiziwi anavyotazama. “Rudia jina la mama.”

“Riziki.”

Akalisema mwenyewe, kwa sauti ndogo. Kisha akageuka. “Yaya, ulijua?”

“Nilijua.”

“Na ukaniacha nikuite Yaya.”

“Nilitaka uniite.”

Esperance alikuwa amefunika uso kwa kitenge. Hata yeye alikuwa hajui.

“Na kwa nini unaniambia leo? Si ungechukua tu figo, mambo yakaisha?”

“Ndiyo maana leo,” Fundi akasema. “Watakupasua kwa ajili ya mtu ambaye si wako. Ukitaka kunipa, nipe ukiwa Bahati wa Etabo, unanijua mimi ni nani. Usipotaka, huna deni.”

Njeri alishindwa kuvumilia. “Si tufanye tu DNA? Kipimo ni kidogo, mate tu. Bibi ni binadamu, anaweza kukosea. Mjue moja.”

“Hapana,” Bahati akasema.

“Lakini kijana...”

“Hapana, dada! Mashine ikisema si ndugu, nimepoteza mara mbili. Ikisema ni ndugu, basi huyu mama yangu Riziki niliyempata sasa hivi namzika tena. Mi sitaki.” Akasimama. Alinishika mkono kwa mikono miwili, kwa heshima yote, akasema, “Asante, Mama.” Mkono wa Fundi hakuushika. Akatoka.

Tulisikia mlango wa gari, halafu hatukusikia injini kwa muda mrefu. Fundi alijaribu kusimama aende dirishani, Furaha akamshika kwapa. Alimwona kijana kaketi kwenye usukani, kichwa chini.

“Mfuate,” Esperance akamwambia. “Au mimi nimfuate.”

“Nimeshagonga,” Fundi akasema. “Tumngoje.”

Injini ikawaka. Gari likageuka taratibu, likaishia nyuma ya nyumba zile zinazofanana zote.

Nilikaa naye kabla hatujaanza safari ya kurudi. Nilitaka kumwambia pole, akaniwahi. Yeye ndiye aliyeongea.

“Yule wa Uvira, Mama. Tangu huyu aitike, sikumtafuta tena hata siku moja. Nilifuta ile sauti kwenye makundi yote. Kama alikuwa hai, kama alikuwa anaelekea kuisikia...” Nilimvutia blanketi likafika kifuani, na Furaha akaniita kwamba barabara itajaa magari.

Bahati hakurudi hospitali. Hakujibu simu za Esperance, wala za mchungaji. Mimi simlaumu, na asilaumiwe na mtu anayesoma hapa. Fundi aliondoka kabla mwaka haujaisha. Mazishini Bahati alikuja, alibeba jeneza upande wa mbele pamoja na wanaume wa familia, na watu wa Houston wakampa pole ya kufiwa na kaka. Aliipokea. Kwangu hakufika, aliniinamia tu kwa mbali.

Mimi majina hayanitoki. Watu wananipigia kutoka majimbo mengine kuniuliza nani alikuwa mtoto wa nani, na sijawahi kuambiwa nimekosea. Lakini Nyassa ameshakufa, tanuru lile halipo, na tangu mazishi nalala nikiyapitia. Kambini kulikuwa na wanawake wawili walioleta watoto wa kuokota kwenye mstari wetu wa nyumba, na watoto wenyewe walicheza pamoja, na mmoja aliitwa Bahati, na mwingine nimeshindwa kumkumbuka aliitwaje. Huyo tu, katika wote. Basi wewe uliyekuwa pale, wewe uliyemjua Nyassa, au Etabo wa Kazimia na mke wake Riziki, kama jina moja nimeliweka pasipo pake, niambie. Usinionee haya kwa ajili ya uzee wangu. Kuna kijana Houston amekaa bila ndugu kwa sababu ya maneno yangu, na watoto wa Fundi bado wanauliza baba mdogo atakuja lini.